Hitma ya Wiki ya Kura

Mkutano wa kwanza wa Mwanabaraka wa kuomba udiwani ulipita bila hata kachori, na jambo hilo liliwauma wanawake wa Kizanzibari wa Edmonton kuliko siasa yenyewe. Watu wametoka kazini, miguu imewavimba, wamekalishwa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kanisa, wamesikilizishwa habari za kuta zinazoota ukungu na kodi za nyumba zinazopanda, kisha wakaambiwa ahsanteni, kwaherini. Kulikuwa na chai na maziwa ya katoni, basi. Raya, dadake Shaame, aliyekata London nzima kutoka Woolwich kuja kumuunga mkono wifi yake, alirudi kwake na njaa, akapiga simu kuuliza kama kuna ugomvi ambao yeye hajaambiwa.

Hapakuwa na ugomvi. Aliyekataza chakula ni Dhiren. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu na mkaazi wa Stanmore, aliyeuza dawa Edmonton miaka mingi mpaka akastaafu. Chama kilimfanya wakala wa uchaguzi wa Mwanabaraka, yaani mtu wa kuangalia mgombea asivunje sheria, na kazi hiyo aliifanya kwa roho moja. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini kilifika kilikotumwa.

"Mama, sikiza mimi," alimwambia Mwanabaraka. "Hapa Uingereza ukilisha mtu chakula ndio akupatie kura, hiyo ni kesi. Chai, haina shida. Lakini pilau? Hapana, hapana."

"Watu watasema sisi wachoyo."

"Wacha waseme. Mchoyo hapelekwi kotini."

Shaame, mume wa Mwanabaraka, aliyasikia hayo akiwa amesimama karibu na mlango. Mikutano yote alikuwa akisimama hapo hapo karibu na mlango, mgongo ukutani, sare ya udereva wa basi mwilini, na jicho linakwenda kwa kila anayeingia. Alikuja kwa sababu mke wake kaja. Kura yenyewe hapigi, na nyumba nzima inajua kuwa hapigi. Hata kujiandikisha hakupata kujiandikisha. Kule Pemba, ujana wake, kaka yake Hussam alipiga kura, kisha matokeo yalipotoka akaenda kuandamana kwa ajili ya hiyo kura, na jioni akarudishwa amebebwa juu ya mlango uliong'olewa bawabani. Shaame ndiye aliyeshika pembe moja ya ule mlango. Tangu hapo akilisikia neno kampeni tumbo humkata, na usimwambie kwamba hapa ni Ulaya, kwa sababu atakujibu kwamba tumbo lake halijui.

Siku Mwanabaraka alipomwambia kuwa chama kimemteua, alimuuliza, "Kwani umekosa kazi?"

"Kazi ninayo. Asubuhi naosha wazee, jioni naosha wazee. Ninachokosa ni mtu wa kunisikiliza." Akakaa mbele yake. "Nilikwenda kaunsili, kwenye kikao cha madiwani, kusema habari ya ukungu kwa niaba ya jengo letu. Nikakaa huko nyuma kwa wasikilizaji, nikawatazama wote waliokaa mbele. Nusu ya mtaa huu ni watu weusi, Baba Siham. Kule mbele alikuwapo mmoja, na huyo alikuwa anagawa maji."

Shaame alisema tu, "Wewe usije ukabebwa," na akaenda kulala.

Chama kilimpenda Mwanabaraka, au kiliupenda uso wake. Mambo mawili hayo hayakuwa na tofauti mpaka baadaye. Picha yake akiwa na mtandio wa samawati ilitiwa kwenye vipeperushi vya mitaa yote, hata mitaa asiyogombea. Akiitwa kupiga picha aliwekwa katikati, na wakati wa kusema ukifika walisema wengine. Walitaka jina lake lifupishwe liwe Mwana tu, ati watu watashindwa kulitamka. Aliwaambia kwamba majina ya wachezaji mpira wa Poland wanayatamka bila taabu, na hili wataliweza. Alilipata hilo, lakini alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyebishana kwa ajili ya nyumba.

*

Wiki moja kabla ya kura, simu ilitoka Wete. Bi Mize, mamake Shaame, alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa kabla mwanawe hajashuka kwenye basi lake. Alipowasha simu mwisho wa zamu akakuta ujumbe umejaa, na wa kwanza kuufungua haukuwa wa kufa bali wa pole, na hivyo ndivyo alivyojua. Akakaa kwenye kiti cha dereva katika gereji, taa zote zimezimwa, mpaka mfagiaji akamwambia ashuke.

Nyumba ilijaa watu, na kila aliyekuja alikuja na sufuria. Hitma ya kumsomea Bi Mize ikapangwa Jumapili, katika ukumbi ule ule wa kanisa, kwa sababu ndio uliopatikana. Alhamisi yake ndiyo siku ya kura.

Dhiren alikuja kutoa pole, kofia mkononi. Akakaa, akanywa kahawa, akageuza kikombe mara nyingi kuliko inavyotakikana, mpaka Mwanabaraka akamwambia aseme lililomleta.

"Hiyo dua," Dhiren alisema, "si mnaweza kusogeza? Baada ya Alhamisi?"

"Mamangu kafa juzi," Shaame alisema.

"Najua, bwana. Basi mfanye dua, lakini bila chakula. Watu wa mtaa watakuja, na watu wa mtaa ndio hao wapiga kura. Mtu mmoja mbaya akipiga picha, sisi tumekwisha."

Mwanabaraka aliweka chini birika. "Watu waje wamsomee mama mtu, kisha tuwafungulie mlango watoke na njaa? Hapo tumemtukana maiti. Heri niache huo udiwani."

Alisema kwa sauti ya chini, na Shaame alijua kuwa hatanii. Hapo ndipo alipomwona mke wake namna ambavyo hakupata kumwona. Mwanamke huyu alikuwa akilala saa chache na kutembea mlango kwa mlango na magoti mabovu, na hicho anachokitaka yuko tayari kukiweka chini kwa ajili ya sinia la pilau la mamamkwe aliyemwona mara mbili tu maishani. Shaame aliona haya, na hakujua haya ya nini.

Dhiren aliinamisha kichwa. "Mamangu alipokufa, sisi pia tulilisha watu," alisema mwishowe. "Siku ya kumi na tatu. Stanmore nzima ilikuja kula. Sawa, mama. Fanyeni. Lakini neno moja la siasa lisisemwe humo. Hata moja. Wewe kaa upande wa wanawake, usishukuru watu, usisimame."

"Atakayeshukuru watu ni mimi," Shaame alisema. "Na mimi unanijua."

Hata Mwanabaraka alicheka kidogo. Maana katika Edmonton yote hapakuwa na mtu wa kuaminiwa zaidi kwa kutosema siasa kuliko Shaame.

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia la shuka, misahafu ikagawiwa juzuu juzuu, na Mzee Jaffar akaongoza. Walikuwapo Wazanzibari na Wapemba, na Wasomali wa msikitini, na madereva wenziwe Shaame waliokaa kwenye viti wakiwa hawajui waweke wapi mikono. Gloire, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ya kulea wazee pamoja na Mwanabaraka, alikuja na wanawake wenzake wa zamu, vitambaa kichwani kwa heshima. Siham, binti wa pekee wa nyumba hiyo, alishika simu juu akirekodi, kwa kuwa mashangazi wa Wete walitaka kuona namna mama yao anavyosomewa huko Uingereza.

Dua ilipokwisha, masinia yakatoka. Mvuke wa pilau ulipanda, watu wakakunja mikono ya kanzu, na Mzee Jaffar akamwashiria Shaame aseme neno la shukrani. Neno hilo linajulikana: ahsanteni kwa kuja, Mungu awalipe, karibuni chakula. Mtoto wa madrasa angeliweza.

"Ahsanteni kwa kuja," Shaame alisema. "Mungu awalipe." Watu wakangoja, mikono ikielea juu ya wali.

"Mamangu," alisema, "hakuwa mtu wa maneno. Mnajua wengine habari ya kaka yangu. Baada ya Hussam, mimi nilikimbia. Yeye alibaki. Na kila uchaguzi ulipokuja, alfajiri, alivaa buibui lake akaenda kupanga mstari. Majirani wakimwambia, Bi Mize, wewe umeshatoa mtoto, kaa nyumbani. Akiwajibu kwamba ameshatoa mtoto, hawezi tena kukaa nyumbani. Mpaka wa mwisho huu alikwenda kwa kushikwa mkono, macho hayaoni."

Hapo ndipo angekaa. Dhiren, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na sahani ya wali mtupu usiotiwa nyama, aliomba Mungu wake akae.

"Na mimi nimeishi hapa miaka yote hii," Shaame alisema, "kwenye amani, nashiba, nalala, na kura sikupata kupiga hata siku moja. Nimeogopa. Mama kizee kipofu ana ujasiri kunishinda. Sasa muda wa kujiandikisha umeshapita na mimi sina kura ya kumpa mke wangu. Nyinyi mnazo. Alhamisi anasimama kwa ajili yetu. Nakuombeni mpigieni. Karibuni chakula."

Mzee mmoja akasema amina, na amina ikafuata amina, na wanaume waliokuwa na matonge mikononi walilia wakayatia mdomoni hivyo hivyo. Nyuma ya pazia wanawake walimshika Mwanabaraka mabega. Dhiren aliweka sahani yake chini ya kiti, akafunika uso kwa viganja.

Siham hakuona ubaya wowote. Alikuwa hajapata kumsikia baba yake akisema mambo hayo, hata nyumbani. Aliikata ile sehemu, akaitia maandishi ya Kiingereza chini, akaiweka mtandaoni aone kila mtu baba yake ni nani.

*

Mpaka Jumatatu jioni kila mtu alikuwa ameiona, pamoja na wale ambao Dhiren aliwaogopa. Maneno ya chini yalisomeka vizuri, mpigieni, karibuni chakula, na sinia lilionekana vizuri zaidi. Watu wasioijua hitma waliandika kwamba hawa wamekuja na rushwa zao za Afrika. Mwengine akauliza kama ukitaka kuku badala ya nyama unapiga kura mbili. Kulikuwa na mtu aliyepeleka malalamiko polisi.

Siham aliifuta, lakini wapi, ilikwisha kusambaa. Alilia chumbani, akawa anasema kwa Kiingereza kuwa amemuua mama yake. Mwanabaraka alimwambia kwamba yeye yu hai na kesho ana zamu.

Polisi walikuja Jumanne, wawili, mwanamke na mwanamume, wakabisha taratibu. Shaame alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Aliona kofia kupitia kioo cha mlango, akaweka kisu chini, akapita ukumbini bila viatu, akaingia chooni, akafunga, akafungua bomba. Siham alimwona akipita. Mama yake aliwakaribisha wageni, akawaomba wavue viatu, nao wakavua, wakakaa kwenye kochi na soksi zao. Waliuliza: chakula kilikuwa cha nani, kilipangwa lini, kulikuwa na mtu aliyeambiwa apige kura ndipo ale. Mwanabaraka alieleza kwamba ni chakula cha maiti. Yule mwanamke alisema pole kwa msiba. Walisema hawaoni kama patakuwa na kesi, ila malalamiko yakiletwa lazima waulize. Wakavaa viatu, wakaondoka.

Maji yaliendelea kumwagika chooni. Siham alikwenda akagonga kwa kidole. "Baba, wameondoka," alisema.

Shaame alitoka, mikono ya shati imerowa mpaka kwenye viwiko. "Nilikuwa natia udhu," alisema.

Haikuwa saa ya sala yoyote. "Sawa, baba," Siham alisema, na akampa taulo.

*

Jioni alikuja Dhiren, na safari hii hakukubali kahawa.

"Chama kimekaa," alisema. "Jina haliwezi kutolewa, karatasi za kura zimekwisha chapwa. Lakini kesho hawatumi mtu wa kukusaidia kugonga milango. Picha yako wanatoa kila mahali. Wanasema wewe umeaibisha chama."

"Hata kwenye mitaa nisiyogombea?" Mwanabaraka aliuliza.

Dhiren hakucheka. "Iko njia moja. Unarekodi video fupi. Unasema bwana yako alisema bila ruhusa, wewe hukujua, maneno yale siyo yako, unaomba radhi. Chama kinaiweka leo leo, na kesho watu wanarudi kazini. Dakika moja, mama."

"Afanye," Shaame alisema kabla mke wake hajafungua mdomo. "Mie si mgombea. Nitupeni mie. Semeni kama nimechanganyikiwa kwa msiba, itakuwa kweli."

Mwanabaraka alimtazama mume wake, akatengeneza mtandio, akakaa kitako kwenye kochi, Dhiren akamwekea simu usoni. Alisema kwa Kiingereza alivyofundishwa, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Dhiren aliitazama tena. Alikohoa. "Umesema vizuri. Lakini unaonekana una hasira. Wao wanataka... masikitiko kidogo."

"Masikitiko."

"Uso tu, mama. Macho chini kidogo."

Siham aliyekuwa mlangoni alitoka akaenda chumbani kwake. Mwanabaraka alishusha macho. Simu ikaanza tena.

"Jina langu ni Mwanabaraka," alisema. "Jumapili, kwenye hitma ya mamamkwe wangu, mume wangu alisema maneno bila ruhusa yangu." Akainua macho. Simu ilikuwa inakwenda. "Miaka yote niliyokaa na mtu huyu sijapata kumsikia akisema jambo lake mbele za watu. Jumapili kasema. Nimesimama nyuma ya pazia na mwiko mkononi nalia kwa furaha. Sasa nyinyi, mlionichukua ili watu kama yeye waseme, mnataka niombe radhi kwa kuwa kasema?" Akamgeukia Dhiren kwa Kiswahili. "Zima hiyo."

Dhiren alizima. "Utakosa hiki kiti, mama."

"Huenda."

"Mimi nilikitaka hiki kiti. Wewe hujui. Mara mbili. Kila mara waliniambia ngoja, mwaka huu siyo wako, fanya hivi, sema hivi. Nilifanya yote." Akachukua kofia yake. "Sikupata hata kusimama." Mlangoni aligeuka. "Mimi ni wakala wako kwa sheria mpaka kura zihesabiwe. Hawawezi kuniambia nisije."

Alipoondoka, Shaame alikuja juu. "Ungesema tu," alisema. "Dakika moja. Ningesitirika mie, ungepata wewe, tungelala. Sasa umenifanya nini? Kila nikipita watasema ndiye huyu aliyemkosesha mke wake."

"Na wewe ulisema kwa nini basi?"

"Sijui. Yalinitoka."

"Basi na mie yamenitoka," Mwanabaraka alisema. Akaingia jikoni akamalizia vile vitunguu.

*

Jumatano hakuja mtu wa chama. Alikuja Gloire na wenzake, wamevaa viatu vya kazini. "Sisi tunagonga milango ya watu kila siku, tunawanyanyua kitandani," Gloire alisema. "Hii ya kugonga na kuomba kura, itatushinda kwa nini?" Wakagawana mitaa. Walirudi na miguu mibovu na habari za kila namna: mwengine kafungiwa mlango usoni, mwengine kaulizwa kama kaleta pilau, mwengine kakaribishwa na bibi wa Kijamaika aliyesema amesikia habari za yule mume na kwamba yeye pia aliwahi kuzika mtu.

Alhamisi Shaame alimsindikiza mke wake mpaka shule ya msingi inakopigwa kura. Yeye hakuingia, angeingia kufanya nini. Alisimama getini ambapo watu hufunga mbwa wao wakiwa ndani wanapiga kura, na mwanamke mmoja alimwomba amshikie wake. Akasimama hapo na kamba mkononi, mtu wa mbwa asiyempenda mbwa, akitazama mstari wa watu wanaingia na kutoka bila hata askari mmoja. Hilo halikumtuliza, maana hata kule mashaka hayakuanza siku ya kupiga kura. Yalianza siku ya matokeo.

Kura zilihesabiwa Ijumaa mchana katika ukumbi wa michezo. Mwanabaraka alikuwa upande mmoja na Dhiren wake, watu wa chama upande mwengine wakijifanya wanasoma simu. Shaame alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango wa dharura. Lilipotangazwa jina la Mwanabaraka, msomaji alilitamka vizuri. Lilipotangazwa la mshindi, tofauti ilikuwa ndogo. Wapiga kura wote waliokosekana wangeenea ghorofa ya chini ya basi la Shaame na nafasi ikabaki.

Mwanabaraka hakulia. Mshindi, mzee mwenye tai, alivuka ukumbi akamshika mkono, akamwambia amefanya kampeni nzuri, akamuuliza kama ana usafiri wa kurudi. Shaame alikuwa amesimama wima, anaangalia mikono ya yule mtu, na alikuwa keshaupima umbali wa mpaka mlangoni.

*

Walipanda basi, ghorofa ya juu. Mwanabaraka alikaa dirishani. Shaame kila kituo aligeuka kuangalia nani anapanda.

"Unamtafuta nani?" mke wake aliuliza.

"Simtafuti mtu."

"Basi tulia. Mpigie Siham, saa hizi katoka shule. Mwambie asipike, tutanunua chipsi."

Shaame aliangalia mikono yake. "Siham hayupo nyumbani. Yuko Woolwich kwa Raya. Nilimpeleka jana usiku wewe uko kwenye milango."

"Mie nilidhani kalala. Woolwich kuna nini?"

"Matokeo yalikuwa leo," alisema. "Usiku wa matokeo mtoto halali nyumbani. Nimempa na paspoti zetu."

Mwanabaraka aligeuka akamtazama. Alikuwa ameolewa na mtu huyu zaidi ya miaka ishirini, amemfulia, amemuuguza, na hakupata kujua kwamba jana, wakati yeye anahesabu milango iliyobaki, mume wake alikuwa anahesabu njia za kutokea. Hasira aliyokuwa nayo ikakosa pa kwenda.

"Baba Siham," alisema. "Ulidhani atakuja nani?"

Basi lilipita maduka, watu wakashuka na mifuko yao, wengine wakapanda. Hakuna aliyewatazama.

"Ndiyo hivi tu?" Shaame aliuliza. "Mtu anashindwa, anapanda basi?"

"Anapanda basi."

"Na yule aliyekushinda kakuuliza habari ya usafiri."

"Kaniuliza."

Shaame akainamia kiti cha mbele, akalia. Alilia kwa sauti, na hakukumbuka hata kujificha uso. Alimlilia Hussam, ambaye angeweza kushindwa tu, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akala, akalala, akazeeka. Mwanabaraka alimwekea mkono mgongoni. Lakini na yeye roho ilikuwa inamuuma kwa lake. Alikitaka kile kiti. Alikuwa na mambo ya kusema akiwa amekaa mbele, na kushukuru kwamba hakuuliwa hakukuwa miongoni mwake.

Shaame alijifuta, akatoa simu, akampigia dadake. "Raya, mlete mtoto," alisema. "Hapana kilichotokea. Tumeshindwa tu."

Mwanabaraka akamchukulia simu kutoka sikioni.

"Wifi, usimwambie hapana kilichotokea," alisema. "Mwambie mamake kashindwa na ana hasira. Na hizo paspoti azirudishe kabatini, hatwendi pahala."